Unyoya, kizibo, ndala au boya la dukani: ufunge lipi?

Anayeanza kuvua kwa ndoano huku Mwanza hahangaiki sana na ndoano yenyewe. Ataambiwa anunue ndogo kwa ajili ya sato, akumbuke kwamba namba ikipanda ndoano inapungua, basi. Kinachomkwamisha ni boya, kile kinachoelea juu ya maji kumwonyesha kwamba samaki amegusa chambo. Mzee wa jirani anamwambia atafute unyoya wa bata. Mwingine anaapa kwamba hakuna kama kizibo. Vijana wa mwaloni wamekata ndala kuukuu, wametoboa, wamefunga, wanavua. Na dukani kuna ya plastiki, mekundu kwa meupe, yanang'aa.

Nimevua kwa yote manne, na yote manne yamo kwenye kopo langu la zana mpaka leo. Inaniuma kuona maboya ya zamani yakitupwa na watu wasiojua kazi yake, na inaniuma vilevile kuona ya kisasa yakibezwa na wazee ambao hawajayapa hata asubuhi moja. Boya halichaguliwi kwa umri wake. Linachaguliwa kwa samaki unayemtaka, maji unayovulia na upepo wa saa hiyo.

Tunapima nini

Vigezo vyangu ni vitano. Cha kwanza ni usikivu: boya linakuambia nini samaki anapogusa chambo, na samaki mwenyewe anahisi nini anapolivuta. Cha pili ni kuhimili upepo na mawimbi. Cha tatu ni kuonekana kutoka ufukweni. Cha nne ni kudumu, pamoja na urahisi wa kutengeneza jingine hili likipotea. Cha tano ni gharama. Sivipi uzito sawa. Viwili vya kwanza ndivyo vinavyoamua kama utarudi na kitoweo, na nitakaa hapo zaidi.

Maboya yenyewe

Unyoya ni shina la unyoya mkubwa wa bawa, wa bata bukini au bata mzinga, lililokwanguliwa nyuzi zake zote likabaki bomba jembamba. Wazee wanaokumbuka uvuvi wa zamani watakutajia mwiba wa nungunungu kabla ya unyoya, na wana haki. Mwiba ni mgumu, umechongoka, ndani umejaa sponji nyepesi, na mabaka yake meusi na meupe yanasomeka vizuri majini. Waliuokota vilimani, kwenye mapango ya mawe. Leo siushauri. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inahesabu sehemu za mnyamapori kuwa nyara, na kukutwa na nyara bila kibali ni kesi. Bata wa kufugwa anatoa boya linalokaribiana sana na hilo, wala hakuna wa kukuuliza.

Kizibo ni kile cha chupa ya mvinyo, kilichotobolewa katikati, uzi ukapitishwa, kisha kijiti kikachomekwa tunduni kuubana. Katika ukoo huohuo ninauweka ule mti wenye miiba na maua ya manjano unaoota majini pembezoni mwa ziwa. Mbao yake ni nyepesi ajabu, na wavuvi wa ziwa hili wameutumia kwa maboya tangu zamani kabla kizibo cha chupa hakijafika.

Ndala haina haja ya maelezo. Unakata kipande cha soli, unatoboa kwa msumari uliopashwa moto, unapitisha uzi.

Ya dukani ni aina mbili, na kuzichanganya kumeleta ubishi mwingi usio na maana. Kuna la duara lenye kibonyezo cha springi, na kuna la kijiti, refu na jembamba, linalofungwa kwa ncha ya chini tu. Anayesema boya la dukani halifai mara nyingi amevua kwa la duara peke yake.

Usikivu

Sato mdogo wa ufukweni hali kwa pupa. Anakinyonya chambo, anakitema, anakinyonya tena. Akihisi kitu kinamvuta upande wa pili, yaani boya nene linalogoma kuzama, anakiacha na haendelei. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kulibebesha boya risasi, yaani vipande vya madini mazito vinavyobanwa kwenye uzi, mpaka ibaki ncha tu juu ya maji. Boya lililobebeshwa vizuri linazama kwa nguvu ndogo sana. Boya linaloelea likiwa limetoa nusu ya mwili wake nje linamtaka samaki afanye kazi ya kulizamisha, na sato hana sababu ya kuifanya.

Hapo ndipo unyoya unapojitetea. Shina la sentimita 15 linabeba gramu moja hivi, mara nyingi pungufu. Vipande viwili au vitatu vya risasi vilivyobanwa kwenye uzi vinatosha kulisimamisha. Kuanzia hapo samaki hana cha kushindana nacho.

Na kuna jambo moja ambalo wengi hawajawahi kufundishwa: boya kupanda badala ya kuzama. Weka kipande kimoja cha risasi sentimita tano hivi kutoka kwenye ndoano, urekebishe kina ili risasi hiyo ikalie chini. Sato anainamisha kichwa, anaokota nyungunyungu, kisha anajiweka sawa ili aondoke. Anapojiweka sawa anainua risasi. Ule unyoya uliokuwa umeonyesha ncha tu unaanza kupanda, kidogo, halafu zaidi, mpaka unalala chali juu ya maji. Anayengoja boya lizame bado anangoja, na samaki amekwisha kula. Ukiona unapanda, vuta hapohapo. Kizibo kizima hakikuonyeshi jambo hili kwa sababu kinaelea bila msaada wa risasi, hivyo hata risasi ikiinuliwa hakina habari.

Kizibo kizima cha chupa ya mvinyo kinahitaji zaidi ya gramu 10 za risasi ili kikae sawasawa. Uzito huo haufai kwa sato, ndiyo maana watu hukifunga bila risasi ya kutosha kikabaki kinaelea juujuu, kisha wanalalamika kwamba samaki "wanadonoa tu". Wazee walikuwa na dawa yake. Walikichonga kwa wembe mpaka kikabaki kitumbo cha ukubwa wa punje ya karanga, wakapitisha shina la unyoya katikati. Chini unyoya, juu unyoya, katikati kizibo. Boya hilo linabeba risasi zaidi ya unyoya mtupu na bado lina ncha nyembamba ya kusoma. Kama kuna kitu kimoja cha zamani ninachotamani kila mvuvi wa ndoano Mwanza akijue, ni hicho.

Ndala ina ugonjwa uleule wa kizibo kizima, na unazidi kwa sababu watu hukata mapande makubwa. Kata kijiti kirefu kisichozidi unene wa penseli, kibebeshe risasi, utashangaa. Wanaoidharau ndala wameiona ikiwa pande la mraba.

La dukani la duara ni kiziwi kama pande la ndala. La kijiti linakaribia unyoya kabisa, na lina faida moja ambayo unyoya hauna: mengi yameandikwa ubavuni uzito yanaobeba, kwa hiyo ukilipoteza unafunga jingine lenye namba ileile bila kuanza kupimapima.

Unyoya ulitawala zamani kwa sababu samaki wa ufukweni walikuwa furu na ngege, wenye midomo midogo na tahadhari kubwa. Sangara aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, akaongezeka mno katika miaka ya 1980. Furu wakapungua vibaya, aina nyingi zikatoweka. Ngege naye akabaki zaidi kwenye maziwa madogo ya pembeni. Watu wakahamia ndoano kubwa na uzi mnene, na kwenye uzi mnene unyoya hauna kazi, unalemewa tu. Ikasemwa umepitwa na wakati. Lakini sato yupo, tena yeye ndiye wa ufukweni sasa, na anakula kwa tahadhari ileile ya ngege. Sababu ya kuutumia imerudi. Tulioisahau ni sisi.

Neno moja juu ya risasi. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa risasi ndogo za kuvulia mwaka 1987 kwa sababu ndege wa majini walikuwa wakizimeza na kufa kwa sumu yake. Huku kwetu mnandi na korongo wanakula kwenye mawe yaleyale tunayokalia. Usiziache chini. Na pale uzito unapohitajika mkubwa, nati ya chuma inafanya kazi bila kumdhuru yeyote.

Upepo na mawimbi

Asubuhi maji ya ghuba huwa yametulia. Jua likipanda, nchi kavu inapata joto upesi kuliko ziwa, na upepo unaanza kuvuma kutoka ziwani kuja ufukweni. Mchana mawimbi yanapiga mawe. Boya lililokuwa zuri saa moja asubuhi linaweza kuwa bure saa saba mchana, na hapa unyoya unashindwa. Unayumba, ncha inapotea kati ya viwimbi, na upepo unaushika uzi uliolegea kati ya fimbo na boya unaliburuta boya pamoja na chambo.

Unaweza kuusaidia kidogo kwa namna ya kuufunga. Mpira wa valvu ya baiskeli ndio kifungo bora ninachokijua. Kata vipete viwili vyenye upana wa milimita tatu hivi, upitishe uzi ndani yake, kisha uvike kimoja juu na kimoja chini ya unyoya. Vinabana vya kutosha ili boya lisiteleze, na vinasogea kwa kidole ukitaka kubadili kina, bila kufungua fundo lolote. Upepo ukianza, vua kipete cha juu ubakize cha chini peke yake, halafu zamisha ncha ya fimbo majini ili uzi ulale chini ya uso wa maji. Upepo hauna tena cha kushika.

Kijiti cha dukani kimeundwa kwa kazi hiyo tangu mwanzo, na mchana wa upepo sikifananishi na kingine. Mwili wake mrefu unakaa chini ya viwimbi, juu imebaki antena tu. Kizibo kinahimili mawimbi kwa njia nyingine: kinapanda na kushuka nayo bila kuzama, na kwa sababu kinabeba uzito mkubwa, uzito huo unakishikilia mahali pake. Ndala na la duara vinakaa juu mno. Upepo unavipeleka unakotaka.

Kuonekana

Kwenye kigezo hiki yote yanarekebishika, kwa hiyo sitakaa sana. Paka ncha rangi ya kucha, nyekundu au ya chungwa. Ila jua likiwa mbele yako na maji yanametameta, rangi kali hupotea na nyeusi ndiyo inayoonekana, kwa hiyo beba moja lenye ncha nyeusi. Ndala za rangi hazihitaji kupakwa. Usiku la dukani lina faida ya wazi, maana mengi yana nafasi ya kuchomeka kijiti cha mwanga.

Kudumu na kutengenezeka

Unyoya unapasuka, na ukipasuka unajaa maji taratibu bila kukuambia. Ukiona boya lako linazama zaidi kila saa, usikimbilie kupunguza risasi, lichunguze kwanza. Ziba ncha kwa nta au kwa tone la rangi ya kucha kabla ya kulitumia mara ya kwanza. Kizibo kinadumu miaka, kikimomonyoka unapaka vanishi. Ndala ya povu haifyonzi maji, ukiikanyaga inarudi, ikigonga mawe haina habari. Plastiki haiyapendi mawe yetu ya Mwanza hata kidogo: la duara linapata ufa, na springi yake inashika kutu.

Kuna upande mwingine wa kudumu ambao ninaujali. Magugu maji yalifika ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo kila mvuvi wa ufukweni ameacha boya kwenye majani. Unyoya na kizibo vikikatikia humo vitaoza. Ndala na plastiki zitabaki.

Gharama

Unyoya na ndala havigharimu kitu. Kizibo utakipata ukiwa na urafiki na mhudumu wa hoteli. La dukani ndilo la kununua, na la kijiti si kila duka la zana za uvuvi linalo, kwa sababu wateja wao wakuu ni watu wa nyavu na dagaa.

Fimbo na uzi vinabadilisha jibu

Ulinganisho wote huu unategemea unashika nini mkononi. Kwa fimbo ya mwanzi ya mita nne au tano, uzi umefungwa nchani, unalitua boya pale unapotaka bila kishindo, na unyoya unakuwa mahali pake kabisa. Urefu huo una faida nyingine kubwa: huna haja ya kuingia majini. Maji ya kina kifupi kandokando ya Mwanza yana kichocho, na mvuvi anayesimama magotini kila wikendi ili afike mbali anakinunua kwa mwili wake. Mwanzi mrefu ni kinga.

Kwa fimbo ya rili hali inageuka. Gramu moja hairushiki. Utarusha, unyoya utaangukia mita chache mbele yako, uzi utajisokota. Ukitaka kufika mbali funga kijiti cha dukani chenye uzito wake mwenyewe, au kizibo.

Wazee hukumbuka pia uzi wa pamba uliopakwa nta ya nyuki, uliotakiwa kuanikwa kila baada ya kuvua usije ukaoza. Hapo sina la kutetea. Nailoni ilitangazwa Marekani mwaka 1938, na mvuvi aliyeionja hakurudi nyuma. Kwa unyoya chukua nyembamba, milimita 0.20 hadi 0.25. Zaidi ya hapo unaliua boya.

Lipi linamfaa nani

Unyoya unamfaa mwenye subira, mwenye mwanzi, anayevua sato karibu na mawe au matete maji yakiwa yametulia. Anayeurusha kwa rili au anayevua kwenye mawimbi ataulaumu bure.

Kizibo kizima ni cha mwenye chambo kikubwa na samaki mkubwa. Kikichongwa na kutiwa unyoya kinakuwa boya la mtu wa kati: anayetaka usikivu lakini maji yake hayatulii.

Ndala inamfaa anayeanza, anayefundisha watoto, na anayevua mahali ambapo maboya hupotea, mradi awe tayari kuitafuta na kuitoa ikinasa.

La dukani la kijiti ni la mwenye rili na anayevua mchana. La duara nalo lina mahali pake. Mtoto analifunga mwenyewe kwa kubonyeza, analiona vizuri, na furaha ya kuona boya jekundu likizama haina mfano.

Kulingana na hali yako

Kama unakwenda Luchelele au Malimbe alfajiri, maji kimya, una mwanzi na kopo la nyungunyungu, funga unyoya kwa vipete viwili vya valvu, risasi ikalie chini, na uangalie boya likipanda. Beba na kile chenye kitumbo cha kizibo kwa ajili ya saa nne, upepo ukianza.

Kama huna nafasi ila mchana, usijitese na unyoya. Kijiti cha dukani kilichofungwa chini tu, ncha ya fimbo ndani ya maji.

Kama unamtaka sangara kwa furu hai, sahau habari ya usikivu. Sangara anameza. Kizibo kizima au pande la ndala, uzi mnene, na chambo kining'inie mbali na chini. Aliye chini ya sentimita 50 haruhusiwi, mrudishe, kwa hiyo mtoe ndoano ukiwa na mikono iliyolowa na usimburuze mawe.

Kama ni mumi, yaani kambare, usiku, chambo kilale chini. Ndala nyembamba yenye kijiti cha mwanga inatosha, na wengi hawafungi boya kabisa, wanashika uzi kwa kidole. Angalia unapokaa: viboko na mamba hutumia saa hizohizo.

Kama unavua kwenye upenyo kati ya magugu au matete, nenda na unyoya mfupi wa sentimita nane hivi, mradi maji yametulia. Boya refu linalala juu ya majani, la duara linanasa.

Kama unampeleka mtoto mara ya kwanza, anza na la duara au ndala, fimbo fupi, chambo cha ugali. Akishapata wake wa kwanza, mkabidhi unyoya na umwache aone tofauti mwenyewe.

Popote utakapokwenda, pita kwanza kwa BMU, kikundi kinachosimamia uvuvi wa mwalo huo, uulize mambo mawili: leseni inayotakiwa kwa uvuvi wa ndoano, na maeneo ya mazalia yaliyofungwa. Maji yanayozunguka Saanane ni ya hifadhi ya taifa, kibali chake kinaombwa kwa wahifadhi wenyewe.